Jenereta inawaka alafu inazima: pitia hapa kabla hujanunua kabureta

Hii shida ndo inajaza benchi za mafundi kila umeme ukianza kusumbua. Unavuta kamba, mashini inashika vizuri, inanguruma dakika moja mbili, unarudi ndani kuendelea na kazi, kidogo unasikia kimya. Unavuta tena inashika, inakufa tena. Wengi wakipeleka wanaambiwa kabureta (ile inachanganya petroli na hewa) imeisha, leta pesa ya mpya, na saa ingine mpya inafungwa na shida inabaki pale pale.

Ukweli ni kwamba mashini yenye inawaka ina karibu kila kitu. Kompresheni (nguvu ya pistoni kukandamiza hewa) iko, cheche iko, petroli inafika angalau kidogo. Mara nyingi kuna kitu kimoja tu kinakatika ikiwa inatembea, na vya kushuku kwanza ni vinne: petroli, hewa, cheche, na oili. Namna inavyozima ndo inakuambia ni kipi, kwa hiyo usikimbilie spana, kwanza sikiliza.

Naongea juu ya zile injini ndogo za petroli za stroki nne ziko kila mahali huku kwetu Uganda: jenereta za saluni na maduka, pampu za kumwagilia, mashini za kupukuchua mahindi. Nyingi ni Honda GX160 na GX200 ama ndugu zao wa China wenye wameandikwa 168F, na zimejengwa karibu sawa kabisa, hivyo ukijua moja umejua zote. Zile jenereta ndogo za stroki mbili zenye unachanganya oili na petroli nazo zinafuata njia hii hii, ila hazina oili ya chini ya kupima wala valvu za kupima. Kwa hizo angalia mchanganyo wako, nyingi zimeandikwa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Ukizidisha oili plagi (ile inatoa cheche) inachafuka inazima, ukipunguza unaua pistoni.

Usalama, na hapa nakuomba usiruke. Jenereta inajaribiwa nje, mbali na dirisha na mlango. Najua watu wanaogopa wezi wanaifungia ndani ya duka ama kwenye korido na wanalala hapo hapo, tafadhali, moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu, watu wanalala hawaamki. Usiongeze petroli mashini ikiwa ya moto. Petroli yoyote unayomwaga ikinge kwenye kopo na uiweke mbali na sigiri, mbali na mwenye kuvuta sigara, mbali na watoto. Na kabla hujaweka mkono karibu na shafti ama mkanda, chomoa kofia ya plagi.

Hatua ya 1: mambo ya bure

Weka mashini mahali tambarare. Hii sio maneno ya kujaza, injini nyingi za hivi zina sensa ya oili ndani, oili ikishuka ama mashini ikiinama inakata cheche yenyewe kujilinda. Pampu ukiiweka kwenye mteremko wa mto inaweza kuwaka na kuzima siku nzima na haina ugonjwa wowote. Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha bila kuzungusha, chomoa tena utazame. Oili inatakiwa ifike karibu na mdomo wa tundu. GX200 inameza kama lita 0.6 tu, sasa ikipungua robo lita ujue ni nyingi.

Tazama petroli kwenye tangi, kokoki (ile ya kufungua na kufunga petroli) imefunguka mpaka mwisho, choki (ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha) imerudi mahali pake. Choki kuachwa imefungwa ni kitu kidogo lakini kinazima mashini baada ya dakika moja na moshi mweusi.

Hatua ya 2: iwashe uisikilize inavyokufa

Simama kando yake na simu yako uhesabu dakika. Hapa ndo kazi kubwa iko, nitakaa hapa kidogo.

Ikikufa ghafla kama mtu amezima swichi, bila kukohoa, bila kupanda na kushuka, shuku cheche ama sensa ya oili. Petroli ikikatika mashini haifi namna hiyo, inalalamika kwanza.

Ikianza kupanda na kushuka, mlio unaenda juu unarudi chini kama mtu anayehema baada ya kupanda mlima, alafu inakufa polepole, hiyo ni njaa ya petroli. Jeti chafu (kale katundu ka shaba ndani ya kabureta kanakopitisha petroli), ama petroli haishuki vizuri kutoka tangi.

Ikitembea tu ukiwa umefunga choki nusu, na ukifungua choki inakufa, jibu karibu lile lile, petroli ni kidogo kuliko hewa. Jeti imeziba, ama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi katikati ya kabureta na injini.

Ikitembea vizuri dakika 10 ama 15 alafu inakufa, ukiiacha ipumzike inawaka tena kama kawaida, hapo kuna washukiwa watatu: kifuniko cha tangi, koili (ile inatengeneza umeme wa cheche) yenye inachoka ikipata moto, ama valvu (milango ya hewa na moshi ndani ya injini) zimekaza.

Ikitembea vizuri bila kazi lakini ukiweka mzigo inakufa, anza na filta ya hewa na jeti kubwa, na pia upime huo mzigo wenyewe, nitarudi hapo.

Ikitoa moshi mweusi na plagi inatoka imelowa ama nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Filta imeziba, choki haifunguki, ama floti (kiboya ndani ya kabureta kinachofunga petroli bakuli likijaa) inavujisha.

Ukishajua yako iko kundi gani, endelea, lakini hata hivyo pitia hatua zote kwa mpango maana mashini iliyokaa bila kuangaliwa inaweza kuwa na magonjwa mawili pamoja.

Hatua ya 3: kifuniko cha tangi

Kifuniko kina katundu kadogo ka kuingiza hewa. Petroli ikishuka lazima hewa iingie nafasi yake, katundu kakizibwa na vumbi na mafuta, tangi linavuta ndani na petroli inakataa kushuka. Ndo maana inatembea dakika kadhaa inakufa, ukipumzika hewa inapenya polepole inawaka tena. Kujaribu ni rahisi, ikianza kukohoa legeza kifuniko nusu mzunguko bila kukitoa. Ikirudi kunguruma vizuri umepata mwizi wako. Osha kifuniko na petroli safi, puliza, basi. Mama mmoja wa saluni alikuja na jenereta kwenye bodaboda, akaniambia "Fundi, niuzie tu kabureta mpya wateja wananingoja", nikamwambia mama tulia kwanza tuiwashe, tukalegeza kifuniko, ikatembea mpaka akachoka kungoja izime.

Kwa jenereta zenye kifuniko chenye swichi ya kufungua na kufunga hewa juu yake, hakikisha iko upande wa kufungua, watu wanaifunga wakisafirisha wanasahau.

Hatua ya 4: cheche, ikiwa bado ya moto

Fanya hii kabla hujafungua petroli popote, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Mashini ikikufa tu, usingoje ipoe, chomoa plagi kwa spana yake, ishike na koleo yenye mpira, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, mwenzako avute kamba. Cheche ya bluu yenye nguvu, koili ni nzima. Ikiwa hakuna, ama ni ya njano hafifu, na mashini ikipoa cheche inarudi, koili inakufa ikipata joto, hiyo haioshwi, inabadilishwa.

Lakini usihukumu koili kabla ya plagi. Weka plagi ingine unayojua ni nzima ujaribu tena. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia iliyofifia kwenye ncha, nyeusi kavu ni petroli imezidi ama filta chafu, nyeupe sana ni petroli imepungua. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.7 mpaka 0.8, pima na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi).

Kama cheche hakuna kabisa na oili iko ya kutosha, tafuta waya wa sensa ya oili unaotoka chini kwenye ubavu wa injini, mara nyingi ni wa njano. Uchomoe, vuta kamba. Cheche ikirudi, sensa ndo inadanganya. Wengine wanauacha umechomolewa milele, mimi siupendi huo mchezo, kwa sababu siku oili itakapoisha kweli hakuna kitu cha kukuokoa na injini inakwama. Badilisha sensa, na ukilazimika kutembea bila hiyo kwa muda basi pima oili kila asubuhi.

Angalia pia waya wa swichi ya kuzimia, ukichubuka na kugusa bodi kila mashini ikitetemeka, inazima. Huo unazima ghafla na bila mpangilio, leo dakika mbili, kesho nusu saa.

Hatua ya 5: petroli inashuka?

Funga kokoki. Chini ya kokoki nyingi kuna kikombe kidogo cha kukamata uchafu, kifungue kwa spana ya 10. Mara nyingi utakuta maji na kutu humo. Osha, rudisha na raba yake.

Alafu chomoa mpira wa petroli upande wa kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya kioo, fungua kokoki. Inatakiwa itoke mfululizo bila kukatika. Ikidondoka tone tone, chujio ndani ya tangi limeziba ama mpira umekunjika ama umeoza ndani. Acha chupa itulie kama robo saa uitazame kwenye mwanga. Maji yanakaa chini kwa sababu petroli ni nyepesi, utaona mstari kabisa. Msimu wa mvua hii ni kawaida sana, jerikeni inaachwa bila kifuniko, jenereta inalala nje.

Mafuta ya taa kwenye petroli hayajitengi hivyo. Kwa hayo dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uache likauke. Petroli safi inapotea yote, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Ukiona maji ama doa, mwaga tangi lote, usijidanganye eti utachanganya na nyingine nzuri. Na petroli iliyokaa miezi kwenye tangi ina harufu ya rangi ya ukuta, hiyo pia haifai, ndo inaacha utando wenye unaziba jeti.

Hatua ya 6: kabureta yenyewe

Kuna jaribio moja zuri kwanza. Mashini ikikufa, iache ipoe kidogo, weka kopo chini, legeza bolti ndogo ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta huku kokoki ikiwa wazi. Petroli ikitoka kwa nguvu na kuendelea, tangi mpaka bakuli ni sawa na shida iko juu kwenye jeti. Ikitoka kidogo na kukatika, na mpira ulimwaga vizuri hatua ya 5, basi ni nidili ya floti (kasindano kanakofunga petroli) imekwama.

Sasa fungua. Funga kokoki, toa filta ya hewa na boksi yake. Kama unaitoa kabureta yote, piga picha na simu kabla hujagusa springi na vijiti vya gavana (ile inashika mwendo wa injini), kutoka pembe mbili tatu, maana kurudisha springi tundu lisilo lake kunaleta kupanda na kushuka kwingine kabisa na utalaumu jeti bure. Kama ni jeti kubwa tu, saa ingine unaweza kuacha kabureta mahali pake ukatoa bakuli la chini peke yake kwa bolti moja ya 10.

Bakuli likitoka tazama uchafu, tope la kahawia ni kutu, vipunje vinavyoteleza ni maji, ute wa njano ni petroli ya zamani. Vuta kapini ka floti, toa floti pamoja na nidili yake, usipoteze kale ka springi kadogo. Ncha ya nidili iwe laini bila mstari uliochimbika. Katikati ya nguzo kuna jeti kubwa, itoe kwa bisibisi bapa inayoingia vizuri, ukitumia nyembamba utaila shaba na hutaitoa tena. Nyuma ya jeti kunashuka kijibomba chenye matundu ubavuni, kigonge kidogo kitoke, hayo matundu nayo yanaziba na watu wengi wanayasahau.

Inua jeti utazame jua kupitia tundu lake. Halifiki milimita moja, uchafu kama chembe ya chumvi unatosha kuliziba. Ukiona duara safi, sawa. Kama sio, loweka kwenye dawa ya kuoshea kabureta ama petroli safi, alafu pitisha uzi mmoja wa shaba uliotoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma, chuma kinapanua tundu na kuanzia siku hiyo mashini inakunywa petroli na kutoa moshi.

Kuna jeti ndogo pia, kwa aina hizi iko juu, imeshikiliwa na skrubu ya mwendo wa chini, kichwa chake ni cha plastiki. Hii ndo inashughulikia mashini ikiwa haina mzigo, na ndo chanzo kikubwa cha ile kupanda na kushuka. Toa, safisha katundu kake ambako ni kadogo kuliko ka kwanza, rudisha na raba yake. Hesabu mizunguko ya skrubu kabla ya kuitoa ili irudi pale pale.

Puliza njia zote za kabureta kwa kompresa, ukivaa miwani. Kama huna kompresa nenda kwa wale wa kujaza upepo wa magurudumu, watakupulizia. Kupuliza na mdomo hakutoshi.

Ukirudisha floti, geuza kabureta juu chini, floti ikae yenyewe, puliza kwenye mrija wa kuingilia petroli. Hewa isipite. Igeuze sawa, hewa ipite. Ikipita pande zote nidili imeisha.

Gasketi za katikati ya kabureta na injini zikiwa zimekatika ama zimegeuzwa, hewa inaingia kwa wizi na kazi yako yote ya jeti haionekani. Weka mpya, ni karatasi za bei ndogo, na hakikisha matundu ya gasketi yanalingana na ya kabureta.

Kununua kabureta mpya ni sawa ikiwa bodi imeliwa na kutu, ama jeti imeshapanuliwa na waya, ama nyuzi za skrubu zimekwisha. Ukienda kwa wauza spea wa Kampala, kama Kisekka ama Ndeeba, beba ile ya zamani mkononi, usiseme tu ya jenereta ndogo, ulinganishe matundu ya bolti, upande wa choki na upande wa mpira.

Hatua ya 7: hewa na mzigo

Filta ya sponji inaoshwa na maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, matone machache ya oili, kamua. Ya karatasi inagongwa tu, ikiwa nyeusi inabadilishwa, usiioshe. Kwenye mashini za kupukuchua mahindi, vumbi ni lingi mno, tazama filta kila siku ya kazi. Na salensa nayo, kale ka wavu ka mdomoni kakijaa masizi, mashini inakosa kupumua na inakufa kwenye mzigo.

Kuhusu mzigo wenyewe. Honda wanaandika kwamba nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo hata pale Busia ama Kampala umeshapoteza zaidi ya asilimia 13 kabla hujawasha taa. Kabale ni kama mita 2,000, huko umeacha karibu robo. Sasa mtu ana jenereta ya kilowati 2, anachomeka blodraya ya wati 1,800 na pasi juu, ikizima analaumu fundi. Na huko juu kama Kabale ama Kapchorwa hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kwa ile hewa, plagi inakuwa nyeusi. Kama mashini inaishi huko milele, mwambie fundi akuwekee jeti ndogo zaidi, na siku ukiishusha urudishe ile ya mwanzo.

Hatua ya 8: valvu

Ukifika hapa na bado inakufa ikipata moto, na ikiwa ya moto kamba inakuwa nyepesi kuvuta, pima nafasi ya valvu. Injini iwe baridi, pistoni iwe juu kwenye mkandamizo, GX200 inataka milimita 0.15 kwa ya kuingiza hewa na 0.20 kwa ya kutoa moshi. Zikikaza, joto linazifanya zisifunge vizuri, kompresheni inatoroka. Huna fila geji, peleka kwa fundi, lakini mwambie imezima baada ya dakika ngapi, na choki ama bila, na cheche ilikuwepo ama la. Hayo maneno matatu yanamzuia kuanza kukisia na pesa yako.

Ikishapona, itembeze nusu saa na mzigo wa kawaida, alafu kaza tena nati za kabureta ikiwa imepoa. Na kama utaiacha bila kazi zaidi ya mwezi, funga kokoki ikiwa inatembea uiache imalize petroli ya bakuli mpaka ijizimie yenyewe, alafu fungua ile bolti ya chini umwage yaliyobaki.